Kona ya Mlevi

Fartun Abdinoor hakuwa mtu wa makumbusho. Akilisikia neno hilo aliona mafuvu ndani ya kioo, vibuyu vilivyokauka, na askari wa mlangoni anayekwambia usiguse kabla hujanyoosha hata kidole. Yeye alikuwa mtu wa mapazia. Duka lake la jumla lilikuwa Kariobangi, jirani na mafundi wanaogonga mabati tangu asubuhi hadi jioni, na soko zima lilijua kwamba ukitaka kumuudhi Fartun huna haja ya kumtukana. Mkatie kitambaa kombo tu, siku yake umeshaiharibu.

Kitambaa ndicho kilichomtia katika mambo haya. Siku moja aliingia dukani mwalimu mmoja aitwaye Kathini, mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye, akaomba mabaki ya vitambaa kwa ajili ya Makumbusho ya Mtaa. Alisema wanatengeneza ramani sakafuni, na vitambaa ndivyo vitakuwa njia. Fartun alimpa furushi zima, maana mkono wa birika hakuwa. Lakini alipomwona mwalimu akitoa mkasi wa watoto wa shule, ule wenye ncha butu, roho ilimuuma. Akamwachia binti yake Kawsar duka, akachukua mkasi wake mwenyewe na kumfuata.

Alipovuka kizingiti cha makumbusho alisimama. Ukumbi ulikuwa wa zamani, wenye dari ya juu na sakafu ya saruji nyekundu iliyong'arishwa na miguu ya harusi na matanga yasiyo na idadi. Na juu ya sakafu hiyo, kutoka ukuta hadi ukuta, kilikuwa kimelala kijiji. Vibanda vya mbao vilimfika magotini, kila kimoja na mlango wake. Kulikuwa na bomba la maji, na jiwe la kufulia kando yake. Upande wa soko la mbuzi la Kiamaiko walisimama mbuzi wa udongo waliofinyangwa na watoto wa chekechea, wengine wakiwa na mguu mmoja wa ziada kwa sababu udongo ulibaki. Fartun alijikuta amevua viatu bila kuambiwa, kama mtu aliyeingia msikitini.

Kijiji chenyewe kiliitwa Mikebe. Kilikuwa kati ya Kariobangi na Kiamaiko, hakikuzidi uwanja wa mpira, na kuta zake zilikuwa mikebe ya mafuta iliyopasuliwa na kunyooshwa kwa nyundo. Tingatinga halikupita pale. Vibanda viliondoka kimoja kimoja, ghorofa za kupangisha zikapanda mahali pake, hadi siku moja watu wakatazama juu na kuona kijiji kimekwisha na jina ndilo limebaki.

Mwalimu Kathini alikuwa na masomo ya kila rika pale ukumbini. Kuna siku ya watoto wadogo, kuna siku ya vijana, na Jumamosi ilikuwa ya wazee. Watu wazima walio katikati, kama Fartun, aliwachukua siku yoyote aliyoweza kuwanasa. Msimu ule wote walikuwa wanafanya kazi moja, ya Mikebe, na utaratibu wake ulikuwa wa ajabu kidogo: wadogo kwanza, wakubwa mwisho. Watoto walichora njia za leo kwa chaki, kwa kuwa ndio wanaozunguka mtaa mzima kwa miguu. Vijana wakapima kwa kamba. Vibanda vilichongwa na Mzee Musau, aliyechonga twiga na vifaru vya watalii maisha yake yote, na ambaye alimwambia kila aliyetaka kumsikiliza kwamba hii ndiyo mara ya kwanza anachonga kitu anachokijua.

Wazee wangekuja mwisho, wavue viatu, wakanyage unga wa chaki kwenye karai, kisha watembee juu ya ramani kama walivyokuwa wakitembea zamani. Hakuna kuwauliza kitu. Kathini alisema ukimuuliza mzee atakupa hadithi aliyokwisha kuizoea, lakini ukimwambia aende akateke maji, atakwenda.

Fartun aliyasikia hayo yote kwa sikio moja. Macho yake yalikuwa yameshapiga magoti sakafuni. Alifanya kazi siku kadhaa, akikata vipande vya kijani na kuvibandika juu ya mistari ya chaki, na kila kimoja kilinyooka kama pindo la pazia la mtu mwenye uwezo. Hadi alipofika kwenye njia kubwa, ile inayotoka vibandani kwenda bombani. Katikati yake, mahali pasipo na kitu chochote, mstari wa watoto uliacha njia, ukachepuka kando ukizunguka hewa tupu, kisha ukarudi.

Aliwauliza vijana. Wakacheka, wakamwambia hiyo ni Kona ya Mlevi. Iko hata leo, kwenye kichochoro kati ya ghorofa mbili, na kila mtu anajua kwamba aliyepima ploti alikuwa amepiga maji siku hiyo, kamba ikamshinda.

“Basi mimi si mlevi,” Fartun akasema. Akakata kitambaa, akakivuta, akakibandika moja kwa moja.

Watoto walipokuja kesho yake, msichana mmoja aitwaye Elsie, mwenye pengo la meno ya mbele na mdomo usiojua kupumzika, alikisimamia kile kitambaa huku mikono iko kiunoni.

“Auntie, si umenyoosha? Hii njia haikuangi hivi. Sasa mtu akienda maji agonge ukuta?”

Fartun alimwambia kwamba zamani hakukuwa na ukuta, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kona. Ilikuwa hoja nzuri, yeye mwenyewe aliipenda. Elsie alibaki akitikisa kichwa. Kathini hakuamua, alisema tu kwamba wangoje Jumamosi.

Nyumbani kulikuwa na jambo lililomkaa Fartun kooni, na jambo lenyewe lilikuwa mama yake.

Bilan alikuwa mtu mzima sana sasa, macho yameingia ukungu, magoti yanalalamika kila anapoinuka kusali. Kichwa chake kilikuwa kizima, au ndivyo walivyodhani, hadi Mzee Abdinoor, mumewe, alipofariki. Baada ya matanga akaanza kumtaja mtoto ambaye hakuna aliyewahi kumsikia. Shamis. Alisema kabla ya Yahye, kabla ya Fartun, alizaa msichana pale Mikebe, na msichana huyo akafa hata arobaini yake haijatimia. Ilikuwa masika. Abdinoor alikuwa njiani, anateremsha mbuzi wa watu kwa miguu kutoka kaskazini. Mto ulikuwa umefurika, hapavukiki kwenda makaburini wala popote. Majirani wakamzika mtoto pale pale, kando ya njia ya maji. Abdinoor aliporudi akakata kauli kwamba jina hilo lisitajwe tena nyumbani kwake. Alisema hivyo kwa uchungu, hakuwa mtu mbaya. Akamhamisha mkewe, wakaja Kariobangi, na jina halikutajwa tena hadi yeye mwenyewe alipoanza kuitwa marehemu.

Yahye, kaka yake Fartun aliyekuwa na maduka yake Garissa, hakutaka kuyasikia hayo. Maisha yake yote alikuwa mtoto wa kwanza. Mama aliitwa Mama Yahye na jamaa, na majirani, na hata watu wa hospitali. Alisema ni uzee, na shangazi wote wakakubaliana naye.

Fartun hakukubali haraka hivyo. Aliwahi kumpeleka mama Mikebe, wawili peke yao, akatafute mahali penyewe. Mama alikuwa anatafuta mti wa mgunga na jiwe jeupe, na pale hapakuwa na mti wala jiwe, palikuwa na ghorofa na nguo zinazoning'inia. Kwanza akaonyesha ngazi za nyumba moja. Halafu akasema hapana, ni pale chini ya tangi la maji. Halafu ukuta wa duka. Mwisho akasimama katikati ya njia, analia, anamuuliza Fartun hapa ni wapi. Watu walikuwa wanatazama. Fartun alimrudisha nyumbani akiwa na huruma na haya, na kutoka siku hiyo mama akimtaja Shamis alimjibu, “Haya, Hooyo,” yaani haya mama, kwa ile sauti ya kumbembeleza mtoto alale.

Na sasa Yahye alikuwa anakuja. Angefika Jumamosi baada ya alasiri na gari, amchukue mama akakae naye Garissa, kwenye nyumba yenye uwanja na wajukuu. Mama hakukataa. Aliomba kitu kimoja tu.

“Mimi nikienda huko sirudi tena,” alimwambia Fartun. “Nitamwachaje bila kumpa salamu?”

Fartun alikosa usingizi. Kisha akafanya hesabu ya mtu anayempenda mama yake na hamwamini. Jumamosi wazee wa Mikebe watakuwa ukumbini. Ampeleke mama, akae, asikie wenziwe wakieleza kijiji kibanda kwa kibanda. Mtoto huyo hatatajwa na mtu. Mama ataona mwenyewe kwamba ni ndoto, ataondoka moyo umetulia. Alijiambia hiyo ndiyo rehema iliyobaki.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Watoto waliketi kando ya ukuta wakiwa wameamriwa wafunge midomo, na Elsie alikuwa amefumba wa kwake kwa mikono yote miwili. Vijana walishika simu zao juu. Fartun alimweka mama kwenye kiti karibu na dirisha, mbali kidogo na mlango, akamfunika mabega kwa shashi. Mama aliuliza kuna nini sakafuni. Fartun akamwambia ni Mikebe. Mama akainua uso, akanusa hewa ya chaki.

Mzee Musau alikuwa wa kwanza. Alikanyaga kwenye karai, akatoka na nyayo nyeupe, akasimama mlangoni pa kibanda alichokichonga mwenyewe. Kathini akamwambia aende akateke maji. Mzee akaenda, hatua ndogo ndogo, mkono wa kulia umejikunja kidogo kana kwamba umeshika debe. Alifuata kitambaa cha kijani vizuri kabisa. Alipofika katikati mguu wake wa kushoto ukatoka nje, ukafuatwa na wa kulia, akazunguka, akarudi juu ya kitambaa na kuendelea hadi bombani. Hakusita wala hakutazama chini.

Fartun alidhani ni magoti ya wazee. Alikuwa anafikiria namna chaki itakavyotoka kwenye kitambaa.

Akaja Mzee Nalianya, dereva wa lori wa zamani, mrefu, asiye na subira. Yeye aliambiwa atoke bombani aende Kiamaiko kununua nyama, kwa hiyo alipita njia ile ile akitokea upande wa pili. Alikuwa anatembea kwa madaha huku anasalimia vibanda vitupu kwa majina ya waliokuwa wakiishi humo. Alipofika mahali pale, katikati ya kumsalimia mtu, akapinda. Akazunguka. Akarudi njiani na salamu yake haijakatika.

Pale ukutani watoto walianza kupigana viwiko. Fartun aliacha kuifikiria chaki.

Wa tatu alichelewa kuingia, akaletwa na mwanawe moja kwa moja hadi kwenye karai. Alikuwa bibi mdogo aliyepinda mgongo, Kalekye, aliyekuwa anakaa mtaa wa Tassia siku hizi. Kathini alimwambia akateke maji. Bibi akauliza kwa nini hajapewa mtungi, watu wakacheka, naye akaondoka. Alitembea ameinamisha kichwa na kukaza shingo, kama walivyotembea wanawake wa Ukambani waliobeba maji mgongoni kwa ukanda uliopita kwenye paji la uso. Mtu wa mzigo huo haoni mbele. Anaona ardhi.

Alipokaribia pale akapunguza mwendo. Akatoka njiani polepole, akazunguka, na alipokuwa anapita aliteremsha mkono, kiganja kikitazama chini, jinsi mtu anavyopita kando ya kitanda cha aliyelala. Kisha akarudi njiani.

Hapo ukumbi mzima ulikuwa umeona. Kitambaa cha Fartun kilinyooka katikati ya sakafu nyekundu, kimejaa nyayo nyeupe mwanzo na mwisho, na pale katikati kilikuwa safi. Hakuna mguu uliokigusa. Kando yake nyayo za watu watatu zilipandana, za mwanamume mfupi, za mwanamume mrefu, za bibi kizee, wengine wakienda, mwingine akirudi, na zote zilichora upinde mmoja. Na chini ya upinde huo, kama ungechungulia, ulibaki mstari wa chaki wa watoto, ambao Fartun hakuufuta vizuri. Nyayo zilikuwa zimelala juu yake.

Fartun alisimama. Alijua haruhusiwi kuuliza, na Kathini alijua kwamba atauliza, akamwacha.

“Wazee wangu, mbona mmezunguka hapo?”

Mzee Nalianya alikana. Alisema hajazunguka mahali popote, alikwenda moja kwa moja kama risasi, na ilibidi aonyeshwe nyayo zake mwenyewe, ukubwa wa boti, ndipo aketi akiguna. Mzee Musau alikubali kwamba amezunguka lakini hakujua sababu. Alipokuja Mikebe alikuwa mdogo, dada yake alikuwa anampiga kofi la kisogo akipita pale katikati, basi akaizoea. Siku zote alidhani palikuwa na tope.

Kalekye alikuwa anapanguswa miguu na mwanawe. Alizungumza bila kuinua kichwa, kama mtu anayeambiwa aeleze kwamba maji yanalowesha.

“Hapo amelala mtoto wa Mama Shamis. Hatumkanyagi.”

Fartun alilisikia jina. Hakuwa amemwambia mtu. Hakumwambia Kathini, hakumwambia hata Kawsar, kwa haya tu. Jina hilo lilikuwa halijawahi kutoka nje ya mlango wa nyumba yao.

Karibu na dirisha kiti kilikwaruza sakafu. Mama alikuwa amesimama bila kushikwa, shashi imeanguka, uso umeelekea ilikotoka sauti.

“Nani ananiita?”

Kalekye aliinua kichwa sasa.

“Mama Matheka,” mama akasema. “Ni wewe?”

Mwanamume mwenye mvi aliyekuwa amepiga magoti na kitambaa mkononi aligeuka kwa kusikia jina lake, maana Matheka alikuwa ni yeye, na alikuwa mgongoni mwa Kalekye masika yale. Bibi wawili wakavuka kijiji. Walivuka kwa kufuata njia, hawakukanyaga kibanda hata kimoja, na walipokutana hawakukumbatiana. Walishikana mikono, wakaitikisa, wakaitikisa tena, wakaulizana habari za nyumbani kana kwamba jana tu waliachana pale bombani. Ndipo mama akalia, na Kalekye akamwacha alie.

Yaliyobaki Kalekye aliyaeleza kwa maneno machache. Yeye ndiye aliyeshika mwavuli wakati mzee mmoja Mwislamu wa Kiamaiko akimsomea mtoto dua. Waliweka jiwe jeupe. Jiwe likaja kuibwa na mtu wa kujengea jiko, lakini kufikia hapo wanawake wa maji walikuwa wameshazoea kupita kando, na kila aliyezaa alimfundisha wake apite kando, na waliokuja baadaye waliwafuata waliowakuta. Mtu wa kwanza kujenga ghorofa pale aliuliza mbona njia inapinda, akaambiwa, akaurudisha ukuta wake nyuma. Wa pili hakuuliza. Yeye alifuata ukuta wa kwanza.

Fartun aliwatazama watoto. Walikuwa wameketi na vinywa wazi, hata Elsie. Hawa walizaliwa juzi. Hawakumjua Kalekye, wala jiwe, wala mvua ile, na kila siku wakienda shule walimzunguka dada yake kwa heshima waliyorithishwa na miguu ya watu waliokwisha kufa. Kijiji kilikwisha, mti ukakatwa, wamiliki wakabadilika, baba mwenyewe akakataza jina, na mtaa mzima ukaendelea kumpisha mtoto mmoja mchanga. Wao wa nyumbani ndio waliomkana. Na yeye, kwa mkasi wake mzuri, alipitisha kitambaa juu ya kifua cha mtoto huyo.

Aliona aibu kali kuliko zote alizowahi kuona. Akapiga magoti, akaking'oa kile kitambaa pale katikati, akakilaza upya juu ya nyayo. Hakikukaa vizuri. Kilikunjana, kikafanya makunyanzi kwenye kona, na katika maisha yake hiyo ilikuwa mara ya kwanza kubandika kitu kombo. Hakukipunguza. Alipomaliza alibaki pale pale, ameweka kiganja sakafuni.

“Hooyo,” akasema, “nisamehe.”

Mama alisema hana la kusamehe. Alitaka kwenda.

Elsie ndiye aliyewaongoza, kwa kuwa ndiye aliyejua njia ya leo. Walitoka ukumbini wote pamoja, watoto mbele, vijana katikati wakiwa wamesahau kupiga picha, wazee nyuma na miguu bado myeupe. Haikuwa mbali. Waliingia kwenye kichochoro, kuta za ghorofa huku na huku, maji ya kufulia yakipita kwenye mfereji. Kisha ukuta ukapinda, na pale kwenye upindo palikuwa na kipande cha ardhi kisichozidi mkeka wa kusalia, udongo mtupu uliosawazishwa na miguu midogo. Mshipi wa mpira ulikuwa umefungwa kwenye bomba la ukutani.

Elsie aliuona huo mpira, uso ukambadilika. Sauti ilimtoka kidogo kidogo.

“Shosho, hapa ndio huwa tunacheza bladda. Hatukujua.”

Mama aliuliza bladda ni nini. Watoto wakamweleza wote kwa pamoja kwamba ni mchezo wa kuruka, wawili wanavuta mpira na mmoja anaruka huku wenzake wanaimba, na kwamba wanacheza hapo kila jioni kwa sababu pikipiki haziwezi kupita. Hata mama yake Elsie alichezea hapo. Mama alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa ameshika ukuta kwa mkono mmoja, na mwingine ameshikwa na Kalekye.

“Miaka yote hii mimi nalala nikidhani yuko peke yake,” akasema.

Akaomba ashushwe. Wakamletea kreti ya soda, akaketi kando ya kile kipande cha udongo, akainua mikono na kuanza kuomba dua. Kalekye alisimama nyuma yake ameinamisha kichwa kwa dini yake mwenyewe. Kathini alikuwa analia waziwazi bila kujipangusa. Alipomaliza dua mama aliinama, akaweka vidole kwenye udongo, akaongea chini kwa chini kwa Kisomali. Fartun alielewa kila neno, lakini maneno hayo hayakuwa yake, akageuza uso.

Simu yake ikalia mfukoni. Alikuwa Yahye. Alikuwa ameshaingia Kariobangi, amekuta nyumba imefungwa, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye safari ndefu mbele yake. Alitaka kujua wako wapi na kama mama yuko tayari.

Fartun alimtazama mama. Elsie alikuwa ameketi karibu naye chini, anamwonyesha namna mpira unavyofungwa.

“Tuko Mikebe,” akamwambia. “Njoo kwa miguu, gari halipiti. Na ukifika usimuulize mtu kwa Mama Yahye, huku hawamjui. Uliza kwa Mama Shamis, watakuonyesha.”